Mume Wangu Amepiga Mafuta Marufuku, Nami Namlisha Kumbikumbi Kisirisiri

Mpendwa Mama Kavinya,

Pokea salamu kutoka Kaloleni. Naomba unisaidie na unisaidie mapema, kwa sababu Jumapili ya mwisho ya mwezi huu wa Agosti nitasimamishwa mbele ya kanisa zima nishuhudie jambo ambalo si kweli, na atakayenisimamisha ni mume wangu wa ndoa, na mwenye makosa ni mimi, au ni yeye, hapo ndipo nataka utuamue.

Mume wangu nitamwita Kweyu, na mimi niite Ayuma, majina yetu nimeyaficha ingawa akisoma barua hii atajijua kabla hajafika mstari wa tano, maana hakuna mwanamume mwingine Eastlands nzima anayepima sufuria kwa gazeti. Tuna mtoto mmoja, Millicent, wa mwaka mmoja na nusu. Kweyu alianza kama kibarua katika kiwanda kimoja cha mafuta ya kupikia huko Industrial Area, akibeba makatoni, kisha mwaka jana wakampeleka maabara kuosha chupa, na huko ndiko mambo yetu yalikoharibikia, kwa sababu yeye si mtu wa kuosha chupa bila kuuliza ilikuwa na nini. Mpimaji wa pale alimwonyesha jinsi mafuta maji yanavyopulizwa gesi ya haidrojeni mpaka yakaganda na kuwa yale ya kuchota kwa kijiko, akamweleza kwamba ndani ya mafuta mna minyororo inayoitwa asidi za mafuta, mingine imenyooka na mingine imepinda, na ile iliyonyooka hulaliana ikashikana ikawa kitu kigumu.

Ni lazima nikueleze pia kwamba kaka yake mkubwa, Andati, alianguka mwaka jana akiwa kazini, upande mmoja wa mwili ukafa ganzi mpaka leo, na daktari akataja mafuta kwenye mishipa. Basi Kweyu aliunganisha kaka na kiwanda akapata jibu lake. Mwezi wa Mei alimwaga mafuta yote tuliyokuwa nayo nyumbani, akapiga marufuku siagi, njugu, parachichi, mayai, maziwa yenye malai, hata mandazi ya wageni, na wageni wenyewe wakapungua. Ilipofika ile baridi ya Julai alileta kijiko kimoja cha mafuta kutoka kazini akakiweka kwenye sahani dirishani, asubuhi yakawa yameganda meupe, akaniita. "Ona, Ayuma," akasema, "hivi ndivyo damu ya Andati ilivyokuwa." Nilitaka kumwambia kwamba ndani ya mwili wa Andati hakuna baridi ya Julai, lakini alipotaja jina la kaka yake machozi yalimlenga, nikanyamaza.

Hayo ningeyavumilia, lakini kuna upimaji. Kila tukimaliza kula anachana kipande cha gazeti, anapangusa sufuria, anapangusa sahani, anakianika dirishani kikauke, halafu anakiinua kwenye mwanga, na kikiwa na doa linalopitisha mwanga basi kuna kesi. Mama Kavinya, usinichukie, lakini ukurasa anaopenda kuchana ni huu wako, anasema una karatasi nyepesi. Tena alinifundisha kwa maharagwe yaliyolowekwa na vijiti vya kiberiti, kila harage ni kaboni, kila kijiti ni mkono, akatengeneza mnyororo ulionyooka wa maharagwe kumi na manane akautundika ukutani juu ya redio, na hakuna aliyeingia kwetu akatoka bila kusomeshwa. Juma moja baadaye nilichomoa vijiti nikaongeza yale maharagwe kwenye githeri. Alipouliza mnyororo uko wapi nilimwambia ameula, na kwamba haukuwa na mafuta hata kidogo.

Mimi nami sikukaa kama malaika. Jumamosi nikienda soko la Burma kununua sukuma wiki nilikuwa naingia kwa muuza nyama mmoja, Ngigi, naagiza ubavu na mafuta yake, nakula nikiwa nimeipa barabara mgongo, kisha nanawa kwa sabuni mara tatu. Siku moja tukishikana mikono kuombea chakula Kweyu aliunusa mkono wangu katikati ya maombi, nikamwambia Ngigi alinisalimia, akaamini, na Ngigi akaongezwa kwenye maombi.

Lakini mtoto hakuwa na pa kukimbilia. Kufikia mwanzo wa Juni ngozi ya Millicent ilikuwa imekauka inabanduka, nywele zimepauka, na kwenye kadi ya kliniki ule mstari wa uzito uliokuwa ukipanda ulikuwa umelala. Muuguzi aliniuliza namlisha nini, nikasema uji, viazi vya kuchemsha na sukuma ya kuchemsha, akaniuliza habari ya mafuta, nikasema kwetu hayaingii. "Mama, huyu anajenga ubongo," akaniambia. "Anaujenga kwa nini?"

Sikuwa na njia ya kupitisha chupa ya mafuta kwenye mlango wetu, lakini juma hilohilo mama yangu alinitumia kutoka Butere mkebe mkubwa wa kumbikumbi wa msimu wa mvua, wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe wakaanikwa juani. Niliwatwanga wakawa unga, nikachanganya na unga wa wimbi. Sufuria ya uji Kweyu haipimi, kwa akili yake uji ni maji na nafaka, basi. Shida ni kwamba kwetu sufuria ya uji ni moja, na yeye naye hunywa uji kabla ya kwenda kazini, na ingawa alizaliwa Butere kama mimi, tangu aandikwe kazi Nairobi amekuwa akisema kumbikumbi ni chakula cha watu walio mbali na bucha. Siku ya kwanza alikunywa kikombe kimoja akanitazama. "Huu uji umeufanyaje?" Nikasema nimechagua wimbi vizuri. Akaomba cha pili, na sasa yapata wiki kumi anakunywa vikombe vitatu kila asubuhi.

Millicent amenona na mstari wake umepanda. Kweyu naye, aliyekuwa amepauka mpaka viwiko, anang'aa hadi wenzake wanamuuliza anajipaka nini, na yeye anawajibu kwamba hiyo ndiyo faida ya kuacha mafuta. Habari zikamfikia Pasta Maingi, akamtazama mtoto, akamtazama baba, akatangaza semina ya familia zote. Kweyu atafundisha jinsi ya kuishi katika nyumba isiyo na mafuta, ameshalowesha maharagwe mengine, na mimi nitashuhudia nikiwa nimembeba Millicent.

Wengine hata hawakungoja semina. Jirani yangu Nthoki, tuliyepakana naye ukuta, mwenye mtoto wa miezi kumi, alimsikia Kweyu akisema mafuta yana asidi, akakumbuka asidi ya betri iliyomchoma kaka yake gereji, akamwaga mafuta yake siku hiyohiyo, na sasa ni wiki tatu. Juzi alikuja kunionyesha kipande chake cha gazeti, kikavu kabisa, na furaha usoni. Nilimpongeza. Kisha nilirudi ndani kukoroga uji wangu.

Sasa Mama Kavinya, nikisema ukweli, mume wangu ataaibika mbele ya watu waliomwita mwalimu kwa mara ya kwanza maishani mwake, na nikinyamaza, akina mama arobaini watakwenda kumwaga mafuta na hawana mtu Butere wa kuwatumia mkebe. Na mkebe wangu wenyewe unaelekea kuisha. Je, nishuhudie, nijitie ugonjwa siku hiyo, au nimwambie? Na nikimwambia, nianze na kumbikumbi au na Ngigi?

Ni mimi Ayuma wa Kaloleni, si jina langu.

MAMA KAVINYA ANAJIBU:

Ayuma, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akafungua mlango kuuliza kulikoni. Mara ya pili nilisoma kwa kalamu mkononi, na nilipofika karibu na mwisho sikucheka tena. Imenifikia Jumanne na gazeti linatoka Ijumaa, kwa hiyo una siku mbili tu, nami sitakuzungusha.

Nianze na mwalimu wenu. Nilifundisha sayansi ya nyumbani miaka ishirini na miwili kabla ya kuja kusikiliza matatizo yenu, na ningekuwa na wanafunzi watano wenye udadisi wa Kweyu nisingestaafu. Upimaji wa gazeti ni upimaji wa kweli, hata mimi niliufundisha, ingawa sikuutumia kumkamata mtu. Shida yake ni kwamba alisikia nusu ya somo akaenda nyumbani kutunga sheria. Mnyororo wake ni sahihi, ni kaboni zilizoshikana, na kila kaboni ina mikono minne. Pale ambapo kila mkono uliobaki umeshika haidrojeni, mnyororo unanyooka, na minyororo ya namna hiyo ikilaliana mafuta yanaganda, mfano ni mafuta ya ng'ombe. Lakini kuna minyororo ambayo kaboni mbili zimekosa haidrojeni zikaamua kushikana zenyewe kwa mikono miwili, na hapo mnyororo unapinda, haulaliani vizuri na wenzake, na mafuta yanabaki maji hata Julai. Kiwanda chake kinaijaza ile mikono haidrojeni kwa msaada wa nikeli ili mafuta yagande. Mwulize mumeo mbona ukutani alitundika mnyororo ulionyooka peke yake.

Mahali pamoja nampa tiki, na usimnyime. Mafuta yaliyogandishwa si ya kujazia sahani kila siku, na kuna wataalamu wanaoandika miaka hii kwamba yakigandishwa nusunusu hubaki na minyororo fulani iliyonyooshwa kwa nguvu, isiyo rafiki wa moyo. Kwa hiyo kuogopa kijiko cha mafuta magumu si wazimu. Kufukuza parachichi, njugu na yai kwa kosa la kijiko hicho ndiko kunakonishinda kuelewa.

Mwambie hivi, polepole, akiwa ameketi. Mwili hauweki mafuta kama stoo tu. Kila chembe ya mwili wake, hata ya ule mkono anaochania ukurasa wangu, imezungushiwa ukuta uliojengwa kwa asidi hizohizo za mafuta. Ubongo wa Millicent unajengwa kwa hizo. Minyororo miwili, ya ile jamii iliyopinda, mwili wa binadamu hauwezi kabisa kujitengenezea, lazima uile, na anayeikosa ngozi yake hukauka na kubanduka kama ulivyoiona kwa macho yako. Na ile sukuma mnayochemsha kwa usafi wa moyo ina vitamini A ambayo bila mafuta kidogo sehemu yake kubwa hupita tumboni na kwenda zake. Kumbikumbi wa mama yako wamejaa mafuta, na sehemu kubwa ni ya jamii hiyo iliyopinda. Hiyo ndiyo inayong'aa usoni mwa mumeo.

Halafu mwulize ugali wake una ukubwa gani. Hukuniambia, lakini namjua mwanamume wa Butere aliyenyimwa kitoweo. Chakula cha wanga kikizidi mahitaji, ini hukigeuza kuwa mafuta, na mnyororo linaopenda kutengeneza ni wa kaboni kumi na sita, umenyooka kabisa, bila pindo hata moja. Kumbe amefunga mlango wa mbele huku ana kiwanda kizima chini ya mkanda, nacho hakina likizo wala chama cha wafanyakazi.

Sasa geuka, nije kwako. Usidhani nimecheka nikakusahau. Kumlisha mtu chakula asichokijua kwa wiki kumi si ujanja, ni hatari. Kuna watu ambao miili yao inakataa wadudu hao, wanavimba midomo na koo, na kama Kweyu angekuwa mmoja wao ungemweleza nini daktari, kwamba ulichagua wimbi vizuri? Tena nakushuku. Unasema unaogopa aibu yake, lakini nilivyokusoma, umeanza kuonea raha siri yako. Kila asubuhi unamtazama akiomba kikombe cha tatu na moyoni unamshinda. Mlipofika hapo hamkuwa mkibishania mafuta tena, mlikuwa mkibishania nani ana akili, na mtoto akawa sufuria ya kupimia.

Mwanamume huyo haogopi mafuta, Ayuma. Anaogopa kuanguka kama Andati na kukuacha na mtoto mdogo. Amekwambia hivyo kwa sahani, kwa maharagwe na kwa gazeti, kwa sababu hajui kukwambia kwa mdomo. Ulipoona machozi ulinyamaza, na hapo ndipo ungemshika mkono hata kama unanukia Ngigi.

Kwa hiyo leo akitoka kazini weka mkebe mezani, wazi, na kadi ya kliniki kando yake. Usianze na maneno. Mwache aangalie mstari ulipolala na ulipoinukia, kisha umwambie ni juma gani mkebe ulifika. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, umemdanganya. Usitaje maharagwe ya githeri siku hiyo, mtu huchoka. Ngigi mtaje, na umtaje mwenyewe kabla Ngigi hajakutaja, kwa sababu mtu aliyeombewa miezi yote hiyo iko siku atataka kuja kushukuru. Akitulia, mkubaliane sheria mpya ya jikoni: mafuta maji kidogo ya kukaangia kitunguu, omena mara mbili kwa juma maana samaki hao wadogo wana mafuta ambayo moyo na ubongo huyapenda, parachichi na njugu zirudi nyumbani kwa heshima, ugali upunguzwe. Na apimwe presha yake hospitalini na mtu aliyesomea, asiipime dirishani.

Semina isifutwe. Kweyu aende kwa Pasta Maingi kesho, amwambie somo limeongezeka, na Jumapili atundike minyororo miwili, ulionyooka na uliopinda, na aseme kwa kinywa chake alipokosea. Anayesimama mbele ya watu na kusema nilikosea watamwita mwalimu kwa muda mrefu zaidi kuliko yule anayekamatwa. Wewe ushuhudie habari za uji, na uwaambie wenye wasiwasi na jina hilo la asidi kwamba hata ndimu ina asidi na hakuna aliyepelekea gari ndimu badala ya betri.

Lakini hayo yote ni ya jioni, na ya kesho, na ya Jumapili, na hapa ndipo kalamu yangu ilipotoboa barua yako. Umeniuliza habari za mumeo, aibu ya mumeo, na akina mama arobaini ambao bado hawajamwaga chochote. Nthoki ameshamwaga. Alikuja kwako na karatasi kavu mkononi, ukampongeza. Wiki tatu mtoto wa miezi kumi ameanza maisha ya kula akiwa hana hata tone la mafuta kwenye kibakuli, na wewe uko upande wa pili wa ukuta unakoroga unga ambao wewe unaijua kazi yake. Millicent amepona kwa sababu mama yake ni mwizi. Mtoto wa Nthoki ana mama mtiifu, na hakuna anayeiba kwa ajili yake.

Weka gazeti chini sasa hivi, gonga mlango wa Nthoki na umwambie ulichoniambia mimi. Kweyu utamkuta jioni.